Meli "General Slocum": Sahihi ya Mkaguzi na Roho za Watu



Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga. Msemo huu una mahali pake. Husemwa matangani ili kuwapoza waliofiwa, na hakuna ubaya kuwapoza. Lakini tangu zamani msemo huohuo umekuwa pia maficho ya wale waliopewa kazi ya kuweka kinga wasiiweke. Chombo kikizama, gari likipinduka, ghala likiteketea, mara utamsikia mtu akiinua mikono juu na kusema kwamba hayo ni majaliwa, na ajali haina kinga. Katika maelezo yetu ya leo tunataka kuupima msemo huu kwa kisa cha meli moja ya abiria, ambayo historia yake inajulikana vizuri kwa sababu mambo yake yalichunguzwa na tume ya serikali na kusikilizwa mahakamani. Meli hiyo iliitwa "General Slocum", na bandari yake ilikuwa mji wa New York, nchini Marekani.

"General Slocum" iliundwa Brooklyn, ikashushwa majini mwezi wa Aprili mwaka 1891. Ilipewa jina la Henry Warner Slocum, jenerali aliyepigana upande wa serikali ya muungano katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ambaye baada ya vita aliingia katika bunge la nchi hiyo. Kwa hiyo meli hii ya starehe ilibeba jina la askari, na kila aliyeipanda alikuwa na haki ya kutazamia kwamba nidhamu ya askari haikuwa mbali.

Ilikuwa meli ya mvuke ya aina ya zamani, ile isiyosukumwa na rafadha iliyofichika chini ya maji, bali na magurudumu mawili makubwa, moja kila ubavu. Kila gurudumu lilikuwa na kipenyo cha zaidi ya mita 9, na juu yake yamepangwa makafi 26 ya kupiga maji. Mvuke uliotoka katika matangi yake mawili uliisukuma pistoni moja kubwa iliyopanda na kushuka, nayo ikayazungusha magurudumu yote mawili kwa pamoja. Chombo cha namna hii hakihitaji maji ya kina kirefu, hutulia kikiwa na watu wengi, na hufunga gatini kwa wepesi. Ndiyo maana meli za magurudumu zilipendwa sana kwa safari fupi za abiria katika mito na ghuba. "General Slocum" ilikuwa na urefu wa mita 80 hivi, sitaha tatu moja juu ya nyingine, na taa za umeme wakati ambapo nyumba nyingi za mji huo bado zilikuwa zikiwasha mafuta. Serikali iliiruhusu kuchukua abiria 2,500. Lakini mwili wake wote ulikuwa wa mbao, na mbao hizo zilipakwa rangi mwaka hata mwaka, rangi juu ya rangi.

Maisha yake hayakuwa ya utulivu. Katika mwaka wake wa kwanza ilipanda mchangani. Mwezi wa Julai mwaka 1894 iligonga fungu la mchanga kwa nguvu hata mashine yake ya umeme ikazimika, na usiku ule ilikuwa na watu wapatao 4,700, hesabu inayokaribia mara mbili ya ile iliyoruhusiwa. Mwaka huohuo ilikwama tena, kisha ikagongana na tagi. Mwaka 1898 iligongana na chombo kingine. Mwaka 1901 ilikodiwa na watu wapatao 900 waliolewa, wakafanya ghasia wakitaka kuiteka meli. Mabaharia walipambana nao, nahodha akaipeleka meli moja kwa moja kwenye gati la polisi, na watu 17 wakatiwa mbaroni.

Tunayataja haya kwa sababu. Meli hii ilionywa mara nyingi kabla ya siku yake. Kila mara ilivutwa kutoka mchangani, ikapigwa misumari, ikapakwa rangi, ikarudi kazini, na kwa kuwa watu hawakufa, hakuna aliyeuliza swali la pili. Nahodha wake, William Van Schaick, mzee wa zaidi ya miaka sitini, alisifiwa kuwa mtu aliyechukua abiria miaka mingi kwa usalama. Nasi tunajua kutokana na kazi zetu kwamba hakuna kitu kinachomlaza mlinzi usingizi kama usiku mwingi uliopita salama.

Mwanzoni mwa mwezi wa Mei mwaka 1904, mkaguzi wa serikali aliingia katika meli hiyo kama sheria ilivyoagiza. Wajibu wake ulikuwa kutazama maboya ya kuvaa, mashua za kuokolea, mipira ya maji ya kuzimia moto, na vyombo vyote vya usalama. Alipomaliza, alitia sahihi yake kwamba vitu vyote viko katika hali njema. Kwa karatasi hiyo meli ikapata ruhusa ya kufanya kazi msimu mwingine. Sahihi ile ilikuwa na umri wa wiki sita tu siku ilipokuja kutahiniwa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, tarehe 15 Juni 1904. Kanisa la Kilutheri la Mtakatifu Marko lilikuwa katika mtaa wa Manhattan ulioitwa Ujerumani Ndogo, kwa kuwa wakazi wake walikuwa Wajerumani waliohamia Marekani, watu wa kazi za mikono na biashara ndogo. Kila mwaka kanisa hilo lilifanya matembezi ya kufunga masomo ya watoto, na mwaka huo liliikodi "General Slocum" kwa dola 350. Kwa kuwa ilikuwa siku ya kazi, wanaume wengi walibaki viwandani na madukani. Waliopanda meli, zaidi ya 1,300, wengi wao walikuwa akina mama na watoto, wamevaa nguo zao za sikukuu, na bendi ikipiga muziki juu ya sitaha.

Meli iling'oa nanga baada ya saa tatu na nusu asubuhi, ikapanda kaskazini kwa njia ya maji iitwayo East River. Ilipokaribia mahali paitwapo Hell Gate, yaani Lango la Jahanamu, penye mikondo mikali inayomtaka nahodha kuelekeza macho yake yote mbele, moto ulikuwa tayari umeanza katika chumba cha chini upande wa mbele. Humo ziliwekwa taa na mafuta yake, matambara yenye mafuta, na majani makavu ya kufungia vyombo. Cheche moja ilitosha. Inasimuliwa kwamba mtoto wa miaka kumi na miwili alikuwa mmoja wa waliotoa habari mapema, naye hakuaminiwa.

Ndugu wasikilizaji, sikilizeni sasa kwa utaratibu yaliyofuata. Hapa ndipo tunapoweza kuona palikuwa na kinga au hapakuwa na kinga.

Kwanza, mabaharia waliufungua mlango wa chumba kile, na hewa ikaingia ikaupa moto nguvu. Mtu aliyezoezwa asingalifanya hivyo. Lakini mabaharia wale hawakuwa wamefanya zoezi la kuzima moto, ingawa sheria iliamuru lifanywe. Msaidizi wa kwanza wa nahodha, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaongoza katika shughuli hiyo, hakuwa hata na leseni ya cheo chake.

Pili, waliukimbilia mpira wa maji. Ulikuwa wa kitani cha bei rahisi, nao ulikuwa umekaa miaka mingi pale ulipotundikwa. Maji yalipofunguliwa kwa nguvu, mpira ukapasuka. Wakaacha kupigana na moto.

Tatu, watu walizikimbilia mashua za kuokolea. Zilikuwapo, kama karatasi ilivyosema. Lakini zilikuwa zimefungwa kwa waya na kugandishwa na rangi iliyopakwa mwaka hata mwaka, hata zikawa kama sehemu ya meli yenyewe. Hazikung'oka.

Nne, akina mama waliyainukia maboya. Hayo nayo yalikuwapo, maboya 2,500, boya moja kwa kila abiria aliyeruhusiwa. Yalikuwa yametundikwa darini juu ya vichwa vya watu tangu meli ilipoundwa, miaka kumi na mitatu iliyopita, yakipigwa na jua, unyevu na chumvi. Maboya ya zamani yalijazwa gome jepesi la mti, lile ambalo hutengenezewa vizibo vya chupa. Gome likiwa zima huelea na kumwinua mtu. Gome la maboya yale lilikuwa limesagika kuwa unga, na turubai lililolifunika lilikuwa limeoza. Mengine yalichanika mikononi, unga ukawamwagikia watu vichwani. Mengine hayakuchanika, na hayo ndiyo yaliyokuwa mabaya zaidi, kwa maana mama aliyamini, akamfunga nalo mwanawe kifuani kwa uangalifu, akamtupa majini ili aokoke, akamwona akizama kama jiwe.

Tano ni amri ya nahodha. Alipopata habari, moto ulikuwa umeshika. Pande zote mbili palikuwa na nchi kavu, lakini alihofia, kama alivyoeleza baadaye, kwamba akiifunga meli kwenye magati ya karibu moto ungerukia matangi ya mafuta na maghala ya mbao. Akaamua kwenda mbele kwa kasi hadi kisiwa cha North Brother. Upepo ukaja ukitoka mbele, nayo meli ikiukabili kwa kasi yake yote, hivyo moto ukapeperushwa kutoka mbele kuelekea nyuma walikokusanyika watu. Juu ya uamuzi huu watu walibishana, wengine wakimlaumu, wengine wakisema mwanadamu katika dakika kama hiyo hawezi kuona yote. Sisi hatutamhukumu mzee yule kutoka kwenye kiti. Alibaki katika usukani hadi meli ilipogonga kisiwa, akaungua, na akapoteza jicho moja. Jambo la kutazama ni kwamba alipotoa amri yake hakuwa na mpira, hakuwa na mashua, hakuwa na maboya wala mabaharia waliozoezwa. Kiongozi asiye na kitu mkononi huchagua kati ya mabaya na mabaya. Vita hivyo vilikuwa vimeshindwa kabla ya siku hiyo, pale gatini, siku ya ukaguzi.

Kisiwani palikuwa na hospitali ya watu wenye magonjwa ya kuambukiza, waliotengwa na mji. Wauguzi, wafanyakazi, na hata wagonjwa wenyewe walishuka majini, wakashikana mikono na kuwavuta watu nchi kavu. Tagi na mashua za karibu zilisogea hata ubavuni mwa meli inayowaka, rangi zao zikibabuka kwa joto. Polisi walipiga makasia wakiokota walio hai na waliokufa. Wanawake wa zama zile walivaa nguo nzito na ndefu, tena wengi hawakujua kuogelea. Wengine walikanyagwa, wengine waliangukia magurudumu ya meli yaliyokuwa bado yakizunguka, wengine walizama sitaha za juu zilipowaporomokea. Tangu moto ulipoonekana hata meli ilipokwama, haikupita hata nusu saa.

Hesabu ya waliokufa inayotajwa mara nyingi ni 1,021. Hadi tarehe 11 Septemba 2001, mji wa New York haukuwa umepoteza watu wengi kiasi hicho kwa siku moja katika msiba mmoja. Maiti zilipangwa kwenye gati la mji ili ndugu wapite kuwatambua watu wao. Wapo wanaume walioondoka nyumbani asubuhi wakiwa na mke na watoto, wakarudi jioni nyumba haina mtu. Waliokosa kutambuliwa walizikwa pamoja katika makaburi ya Kilutheri huko Queens. Na mtaa ule wa Ujerumani Ndogo haukupona. Waliobaki hawakuweza kupita katika njia zilezile bila kuwasikia watoto, wakahama mmoja mmoja. Jengo la kanisa lao, mwaka 1940, likawa sinagogi la Wayahudi. Mtu anaweza kusema kwamba boya bovu halikuwaua watu tu, liliua na mtaa.

Sasa tufike kwenye hesabu ya wajibu, jambo ambalo kwa askari wa polisi ni kazi ya kila siku. Rais wa Marekani wa wakati ule, Theodore Roosevelt, aliunda tume ya uchunguzi, nayo ikatoa taarifa yake mwaka huohuo 1904. Meli nyingine za bandari hiyo zilikaguliwa upya, na katika nyingi ilikutwa mipira mibovu na maboya mabovu, zote zikiwa na karatasi safi. Likagunduliwa jambo jingine la kuogofya. Kiwanda kimoja cha kutengeneza gome la maboya kilikuwa kikitia vipande vya chuma ndani yake, ili boya litimize uzito uliotakiwa na sheria. Sheria ilidai uzito, basi walitoa uzito. Kwamba chuma huzama, hilo halikuandikwa katika fomu.

Walishtakiwa nahodha, wakaguzi, na wakuu wa kampuni yenye meli. Ikaonekana kwamba kumbukumbu za kampuni kuhusu vifaa vya usalama zilikuwa zimechezewa. Lakini mwisho wa mashtaka hayo ulikuwaje? Kampuni ilitozwa faini ndogo. Mkaguzi aliyetia sahihi alisimamishwa mahakamani mara tatu, na mara tatu waamuzi wakashindwa kuafikiana, akaenda zake. Wenye kiwanda cha chuma ndani ya maboya hawakutiwa hatiani. Aliyefungwa ni mtu mmoja tu, naye ni nahodha, mwaka 1906, kwa kosa la kutofanya mazoezi ya kuzima moto na kutotunza vifaa vyake. Alihukumiwa miaka kumi, akakaa gerezani miaka mitatu na nusu, akaachiliwa mwaka 1911, na mwaka uliofuata Rais Taft akampa msamaha.

Hatusemi kwamba nahodha hakuwa na kosa. Zoezi lilikuwa lake, nalo hakulifanya. Lakini tazameni mnyororo ulivyo. Kuna mwenye mali asiyetaka kutoa fedha kununua mpira mpya. Kuna anayeandika daftari la uongo ili kumfurahisha mwenye mali. Kuna mkaguzi anayepita sitahani kwa mwendo wa haraka, asiguse boya hata moja kwa kidole. Kuna nahodha anayesema kwamba miaka yote tumesafiri salama. Kuna baharia anayeona taa na majani makavu katika chumba kimoja, asiseme, kwa kuwa hakuulizwa. Kila mmoja alishika pete moja ya mnyororo, na kila mmoja aliamini kwamba mwenzake ameshika imara. Upelelezi unaomkamata aliye karibu na moto na kuwaacha walioweka kuni, hata ukishinda kesi, haujamaliza kazi.

Yako mema yaliyotokana na msiba ule, ingawa yalinunuliwa kwa bei ambayo hakuna aliyekubali kuilipa. Idara ya ukaguzi wa meli ilifagiliwa, na wakubwa wengine wakaachishwa kazi. Sheria zikakazwa: meli ziwe na kuta za chuma za kuzuia moto, mipira iwe na uwezo wa kuhimili nguvu kubwa ya maji, mashua ziweze kufikiwa na kushushwa, na kila mtu aliye melini, abiria na baharia, awe na boya zima. Meli yenyewe iliopolewa, mabaki yake yakageuzwa kuwa tishari la mizigo, nalo likazama mwaka 1911. Mtoto mdogo kupita wote waliookoka, Adella Liebenow, aliyekuwa na umri wa miezi sita siku ya moto, ndiye aliyefunua mnara wa kumbukumbu mwaka 1905 akiwa mikononi mwa watu. Aliishi hata mwaka 2004, akafa akiwa na miaka mia moja. Hivyo basi mambo haya si ya kale sana kama yanavyoonekana.

Wala hayako mbali. Maziwa yetu makuu hayana tena meli za magurudumu, lakini yana vivuko, meli na mashua zinazobeba watu wetu kila siku kwenda sokoni, shuleni, hospitalini na mazikoni. Mwaka 1996, tarehe 21 Mei, meli "Bukoba" ilizama katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Mwaka 2014, mwezi wa Machi, mashua iliyobeba wakimbizi wa Kikongo waliokuwa wakirejea kwao kutoka Uganda ilipinduka katika Ziwa Albert, wakafa zaidi ya watu 100. Mwaka 2018, tarehe 20 Septemba, kivuko "Nyerere" kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, na watu 228 wakapoteza maisha, hesabu inayopita mara mbili idadi ya abiria waliokuwa wakiruhusiwa ndani yake. Mwaka huohuo, tarehe 24 Novemba, mashua ya starehe ilizama upande wa Mukono, nchini Uganda, wakafa zaidi ya watu 30, na ikaelezwa na wenye mamlaka kwamba haikuwa na leseni na ilizidisha watu. Visa hivi havifanani na kile cha New York kwa sababu za kuzama. Vinafanana katika swali moja: kabla ya chombo kuondoka, nani alikitazama?

Katika misiba hiyo yote, walioitwa baadaye kupiga mbizi, kuvuta maiti, kulinda ufuko na kuandika majina ya waliofiwa ni ninyi, askari wa jeshi na wa polisi. Kazi hiyo ya huruma mmeifanya kwa moyo, nayo haisahauliki. Lakini ipo kazi nyingine isiyo na kamera wala machozi, nayo hufanywa mapema. Ni ya yule askari aliyesimama mwaloni alfajiri, akihesabu watu wanaoingia katika mashua, na aliye tayari kusema "huyu wa mwisho hatapanda," ingawa mwenye mashua ananung'unika na abiria wanamwita mkorofi. Ni ya yule anayelitwaa boya mkononi, akalivuta kamba na kulibonyeza, badala ya kuuliza kwa mbali kama maboya yapo. "Yapo" ni neno la hatari. Katika "General Slocum" yote yalikuwapo.

Askari anaelewa jambo hili kuliko raia, maana limo katika malezi yake. Kwa nini mkuu wa kikosi hupita mstarini akaiangalia bunduki ya kila mtu, tena akatazama ndani ya mtutu? Si kwa kuwa hamwamini askari wake. Ni kwa kuwa chombo kinachokaa bila kutumika huoza kimya kimya, na siku kitakapohitajika hapatakuwa na muda wa kukitengeneza. Kwa nini tunafanya zoezi la hatari usiku, watu wakaamshwa kutoka usingizini ilhali hakuna adui? Kwa kuwa mtu aliyefikwa na hofu hana akili mpya. Hufanya lile tu ambalo mwili wake umezoea. Mpira wa zimamoto ulioko ukutani mwa kambi, kisanduku cha dawa ndani ya gari la doria, breki za lori linalobeba askari, betri za redio ya mawasiliano, ndoo za mchanga kwenye ghala la mafuta, vyote hivyo ni maboya. Kila kimoja kina kitabu chake, na katika kila kitabu ipo nafasi ya sahihi.

Sahihi hiyo si wino tu. Mtu anapoandika kwamba amekagua naye hakukagua, amekula kiapo cha uongo, na mdhamini wa kiapo hicho ni mtu asiyemjua: mama anayepanda kivuko akiwa na mtoto mgongoni, au askari mwenziwe anayekwenda doria usiku. Yeye hana nafasi ya kukagua. Analitazama boya lililotundikwa juu ya kichwa chake, anauona muhuri wa serikali, anaridhika, anakaa kitini. Imani hiyo ya raia ndiyo mali kubwa kuliko zote tulizokabidhiwa kuzilinda, na haina ghala la kuhifadhiwa isipokuwa uaminifu wa mtu mmoja mmoja aliye kazini.

Basi na turudi kwa wahenga tulioanza nao. Ajali haina kinga, kweli, kwa jambo ambalo mwanadamu hakuweza kuliona wala kulizuia. Dhoruba ina wakati wake, na cheche haikosi njia. Lakini waliokufa katika "General Slocum" hawakukosa kinga. Kinga ilikuwa imenunuliwa, ikahesabiwa, ikaandikwa na kutiwa sahihi, ikatundikwa juu ya vichwa vyao kwa miaka kumi na mitatu, ikioza. Wahenga haohao walikuwa wametuachia msemo mwingine, nao ndio tungependa mwende nao lindoni usiku huu: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kesho asubuhi, kabla hujatia sahihi yako, nyanyua mkono ukalishike boya.